Warudisheni watoto kwenye sinia: barua ya wazi kwa wakubwa wa chekechea, maji na taka hapa Mombasa

Salaam aleikum wakubwa zangu, na wengine wote hamjambo.

Mie ni mwalimu wa chekechea huku Kisauni, mwaka wa kumi na tatu huu nafundisha watoto wa miaka minne mitano, wale wanaokuja skuli mkono mmoja umeshikwa na mama na mkono wa pili umeshika pakti ya kripsi. Nawaandikia nyie mnaoshika elimu ya watoto wadogo, nyie mnaoshika maji, na nyie mnaoshika taka, na nimewaweka kwenye barua moja makusudi, mkisoma mpaka chini mtaona kwa nini. Sijaja kumlaumu mtu. Nimekuja kuomba, na ninachoomba si kikubwa lakini nakiomba kwa moyo wote.

Wacha nianze na ugomvi. Juzi saa nne wakati wa mapumziko watoto wangu wawili walipigana. Mmoja alikuja na pakti ya kripsi za dukani, zile ambazo ndani yake wanatia na kidude cha kuchezea, pia ndogo ya plastiki ya kuzungusha, na mwenzake siku hiyo hakuwa na kitu, nadhani kwao walilala na chai tupu manake tangu asubuhi alikuwa mnyonge. Akamwambia nipe kidogo. Yule akampa mgongo, akawa anakula akiangalia ukuta, mnajua vile mtoto anavyofumbata kitu kifuani. Bas mwenzake akamrukia. Mpaka nafika pakti ishapasuka, kripsi zimemwagika mchangani, mmoja ana mkwaruzo wa kucha chini ya jicho, mwengine kaing'ang'ania ile pia mpaka vidole vimekuwa vyeupe, na wote wawili wanalia. Kisha wenzao wakaja wakachutama wakaanza kuokota kripsi moja moja, wanapuliza mchanga, wanatia mdomoni. Na ile pakti hakuna aliyeishughulikia, upepo ukaichukua ukaibandika kwenye seng'enge pamoja na nyenginezo za jana na juzi. Nimesimama pale nimembeba mmoja, namtazama yule mwengine, naitazama seng'enge, na ndo siku hiyo nikajua kwamba haya mambo mawili tunayoyafundisha mbali mbali, amani siku yake na mazingira siku yake, kumbe ni somo moja na sie wenyewe ndo tumelikata vipande.

Kwenye mtaala huu mpya kuna maadili manane, upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Nayajua kwa moyo, nimeyaandika kwa rangi nimeyabandika ukutani. Na mambo ya mazingira yamo pia. Ni mtaala mzuri na sisemi hivyo kwa kujipendekeza. Shida ni kwamba amani tunaifundisha kwa nyimbo, mazingira tunayafundisha kwa kuchora mti na jua linacheka juu ya mti, halafu saa nne mtoto anatoka nje anakutana na maisha yenyewe, nani ana pakti na nani hana. Hapo ndo darasa lake la kweli, na hapo hakuna aliyemuandalia somo.

Sie tuliandaliwa. Mie nimezaliwa Likoni, na kwetu chakula kilikuwa kinaletwa kwa sinia. Labda nyie wakubwa mnakumbuka kwenu vilevile. Linapita kwanza birika na bakuli la kunawia, mtu mmoja anamwaga maji mwenzake ananawa, na ukimwaga maji kwa fujo nyanya anakupigia ulimi, maji yamebebwa kichwani hayo. Kisha mnakaa mkekani mnazunguka. Mkubwa anaanza. Unakula mbele yako, hunyooshi mkono ukavuka kwa mwenzio, hata kama mbele yake kuna nazi imekolea zaidi. Samaki hashikwi mpaka mkubwa amgawe, na anagawa kwa kuangalia nyuso, anayejua jana hakupata leo anapata pande la tumbo. Ukishiba huinuki ukawaacha wenzio, unapunguza matonge, unawasubiri. Na zikibaki punje haziendi jaani, zinapelekwa kwa kuku. Hakuna mtu aliyeniambia sikiza mwanangu leo nakufundisha amani, wala leo nakufundisha kutumia kitu kwa kiasi. Nimekula tu, kila siku, mpaka ikaniingia mwilini.

Na pale mkekani kwetu alikuwa anakaa mtoto wa jirani. Kwao ni watu wa bara, babake alikuwa anafanya kazi bandarini, mamake anauza mboga, na kwa kuwa mamake anarudi jioni yeye mchana alikuwa anakula kwetu, ana mahali pake kabisa, kati yangu na kakangu. Agosti 1997 mie nina miaka tisa. Nyote mnajua kilichotokea Likoni mwezi ule, usiku ule kituo cha polisi kilivyovamiwa, watu wa bara walivyofukuzwa, waliouawa, maelfu waliokimbilia kanisani. Mie ninachokumbuka si hizo habari kubwa, nakumbuka mamake alikuja alfajiri na begi moja, amemshika mkono, hakuingia ndani, alisimama mlangoni akazungumza na mamangu kwa sauti ya chini wote wawili wanalia, kisha wakaenda. Mchana sinia likaletwa. Tukakaa vilevile tulivyokaa siku zote, hakuna aliyesogea, na pale kati yangu na kakangu pakabaki wazi. Wali wa upande ule haukuguswa. Mamangu akatazama, akasema sogeeni, lakini hatukusogea. Hawakurudi tena na mpaka leo sijui yuko wapi.

Kwa hivyo mtu akiniambia amani ni somo la wimbo mie simuelewi. Mie najua amani ni nini, ni mtu kuwa na mahali pake kwenye sinia na hakuna wa kumuondoa. Na najua pia walioleta ubaya ule hawakuwa watu waliokula na sie, walikuwa watu waliotuambia kwamba kilichoko hakitoshi na kwamba fulani ndo anayekumalizia. Hii ndo lugha ya ugomvi wote, wa watu wazima na wa mapumziko saa nne. Hakitoshi, na wewe ndo unanimalizia.

Sasa angalieni mtoto wa leo anafundishwa nini na vitu vyenyewe anavyokula. Pakti ni ya mtu mmoja. Imefungwa ili ifunguliwe na mmoja, haina mbele yako na mbele yangu, na ikiisha haina kazi, unaachia mkono inaanguka. Juisi ya mrija ni ya mtu mmoja. Peremende ni ya mtu mmoja. Kila kitu kimegawanywa kiwandani kabla hakijamfikia, kwa hivyo yeye hajifunzi kugawa, anajifunza kuwa nacho au kukosa. Watoto hawa wamezaliwa baada ya ile Agosti 28, 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Kenya nzima, ukipatikana nayo faini inafika milioni nne au jela miaka minne, na kweli ile mifuko ya zamani imepungua sana wallahi tushukuru, zamani ukipita ufuoni unadhani imeota. Lakini marufuku ile haikugusa plastiki ambayo bidhaa imefungiwa tangu kiwandani, na hiyo ndo inayouzwa kwa watoto, pakti ndogo ndogo za shilingi tano na kumi, kwa hivyo mtoto wangu wa miaka mitano hajawahi kubeba juala la duka ila kwa siku anaangusha pakti nne.

Na hizo pakti zinaenda wapi? Zengine zinachomwa jioni uani, na moshi wa plastiki ni sumu, watoto wanakuja asubuhi wanakohoa. Zengine zinaziba mitaro, masika ikinyesha maji yanaingia majumbani. Na zilizobaki zinaenda baharini manake sie tumezungukwa na maji, chochote unachokiangusha Mombasa bahari iko karibu nacho. Kasa akiona plastiki inaelea anadhani ni yavuyavu, anameza. Nimewasimulia watoto habari hiyo mmoja akaniuliza, kwani kasa hana mamake wa kumwambia teme? Sikuwa na jibu.

Nataka niwaambie nilichofanya darasani manake sipendi mtu anayelalamika bila kujaribu. Nilichukua gunia tupu la mchele nikalitundika kwenye msumari kando ya mlango, nikawaambia wiki hii hatutupi kitu, kila ulichokula ganda lake linaingia humu. Kufika Ijumaa gunia limejaa mpaka mdomoni. Tukatandika mkeka, tukamwaga yote, tukazunguka kama tunakula. Watoto wakanyamaza. Mmoja akasema, hivi vyote tumekula sie? Tukaanza kutenga, maganda ya ndizi na ya embe upande huu, pakti upande ule. Maganda tukayachimbia kwenye kitanda cha mchicha nyuma ya darasa. Pakti tukazitazama tu, hatukuwa na pa kuzipeleka. Na hapo ndo nilipoona ukweli mmoja mchungu, kwamba ninaweza kumfundisha mtoto kutenga taka, na sheria ya taka ya 2022 yenyewe inataka zitengwe, zinazooza mbali na zisizooza mbali, lakini kama nje ya lango hakuna anayezipokea zikiwa zimetengwa, nikazirudisha zote kwenye gunia moja mbele ya macho yake, mtoto amejifunza kitu kimoja tu, kwamba mwalimu alikuwa anacheza.

Siku nyengine tukafanya somo la kikombe cha maji. Niliweka kikombe kimoja cha maji ya mfereji katikati nikawauliza haya yametoka wapi. Wakasema kwa jerikeni. Jerikeni limeyatoa wapi? Kwa mama. Bas nikawahadithia. Maji ya mfereji ya Mombasa hayatoki Mombasa. Mengine yanatoka Baricho kule mto Sabaki, mengine Marere kwenye msitu wa Shimba Hills, mengine Tiwi, na mengine yanatoka mbali kabisa, chemchemi ya Mzima ndani ya Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200 kwa bomba. Na Mzima yenyewe haianzii Mzima. Mvua inanyesha kwenye milima ya Chyulu, maji yanazama kwenye mawe meusi ya volkano, yanapita chini kwa chini yanachujwa, yanakuja kuchomoza Mzima yakiwa safi mpaka unamuona samaki, na pale wanaoga viboko, mamba pia wapo, na mengine ndo yanaingia bombani yanakuja kwetu. Kwa hivyo mtu akikata miti Chyulu anatukatia sie maji Kisauni, na sie tukimwaga maji Kisauni tunamwaga maji ambayo Mtaita na Mkamba na Mmasai wa kule wangeyatumia. Macho yalikuwa yamewatoka. Mmoja akauliza, mwalimu, hao viboko wanatugawia? Nikamwambia ndio mwanangu, wanatugawia. Toka siku hiyo darasani kwangu hakuna anayemwaga maji yaliyobaki kikombeni, wanayapeleka kwenye mchicha, na wanasema haya ya viboko. Sikuwachorea mti hata mmoja.

Ndo maana nasema somo hili ni jepesi kama tutalianzia kwenye kitu mtoto anachokishika. Ni sie watu wazima tunaolifanya zito.

Na hebu tuseme na sie watu wazima. Harusi zetu siku hizi, pilau inapakuliwa kwenye masahani ya kutupa, mtu anajaziwa mlima, anakula robo, soda anakunywa nusu, usiku ule nyuma ya ukumbi mtu hawezi kupita, na watoto wetu wapo, wamevaa vizuri, wanatazama. Kesho yake namwambia mtoto yuleyule usitupe chakula. Nitamwambia kwa mdomo gani?

Wengine mtasema mwalimu huyu anachanganya mambo, amani ni kazi ya polisi na wazee wa mtaa, taka ni kazi ya lori. Lakini waliompa Wangari Maathai tuzo ya amani ya Nobel 2004 walimpa kwa kupanda miti, mama wetu wa Kenya, mwanamke wa kwanza Afrika nzima kuipata. Na kwenye hotuba yake kule Oslo alizungumza habari za utoto wake, alikuwa anaenda kuteka maji kwenye kijito karibu na kwao, anacheza kwenye majani ya nduma, anaona mayai ya vyura anadhani ni shanga, kila akitaka kuyainua yanakatika mkononi. Alipokuwa mtu mzima kijito kile kilikuwa kimekauka. Mie nikiisoma habari ile najiambia huyu mama mapenzi yake na ardhi yalianza alipokuwa mdogo kama hawa wangu, kwa kuchezea kitu hai na mikono yake mwenyewe. Watoto wa Kisauni wana nini cha kuchezea, pia za plastiki?

Na sitaki mtu anielewe vibaya nikisema amani. Sifundishi watoto kunyamaza. Pande za Mikindani kuna kijiji cha Owino Uhuru, pale 2007 kilianza kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, zile betri ambazo sote tukishazitumia hatuulizi zinaenda wapi. Risasi, ile madini, ikaingia hewani na majini na kwenye damu za watoto. Phyllis Omido alikuwa anafanya kazi pale, mtoto wake mchanga akaugua, sumu ilimfikia kwa ziwa la mamake. Hakurusha jiwe. Alikusanya majirani, wakaandamana, wakapima watoto damu, kiwanda kikafungwa 2014, wakaenda mahakamani, Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikawapa ushindi 2020, fidia bilioni 1.3, kesi ikapanda ikapinduliwa, hawakuchoka, na Disemba 2024 Mahakama ya Upeo ikawarudishia ushindi wao. Hiyo nayo ni amani. Mtoto anayejua kusema hapana bila kupiga, na anayejua kuuliza hiki kimetoka wapi na kinaenda wapi, huyo ndo ninayemtaka mie.

Huku kwetu mnajua tuna shida ya vijana wenye mapanga. Naogopa kusema jambo jepesi juu ya jambo zito, kuna kukosa kazi hapo, kuna unga wa kulevya, kuna mengi, na si kripsi zilizowapa panga. Lakini wengine wao juzi tu walikuwa watoto wa saa nne. Na wakimvamia mtu wanachukua simu, wanachukua viatu. Wanataka kile ambacho tangu wadogo waliona kwamba mwenye nacho ni mtu na asiyekuwa nacho si mtu. Nikimuangalia yule wangu aliyemrukia mwenzake mwili unanisisimka.

Sasa ombi langu, na hapa ndo nawaeleza kwa nini nimewaandikia pamoja. Katiba yetu ya 2010 kwenye Jedwali la Nne imegawa kazi. Shule ya msingi ni ya serikali ya kitaifa. Lakini chekechea ni ya kaunti. Kuzoa na kutupa taka ni ya kaunti. Huduma ya maji na usafi ni ya kaunti. Yaani mtoto wangu, kikombe chake cha maji na pakti yake ya kripsi vyote vitatu viko mkono mmoja, wakati wenzenu wa msingi itabidi wavuke ofisi mpaka Nairobi. Ni neema hiyo. Kaeni meza moja, nawaomba, hata asubuhi moja tu, watu wa chekechea na watu wa maji na watu wa taka, mmuweke yule mtoto katikati mumzungumze.

Kitu cha kwanza ni uji wa saa nne kwenye kila chekechea, wa wimbi au wa mtama, wa siku zote. Kuwe na uji siku zote, mtu asiwe anabahatisha. Nairobi tangu 2023 watoto wanalipa shilingi tano kwa sahani ya chakula cha mchana, kwa hivyo haliko mbinguni jambo hili. Na uji huo unywewe kwa vikombe vya bati vinavyooshwa, na siku moja kwa wiki, siku moja tu, waletewe sinia. Viazi vitamu, au muhogo wa nazi, au mahamri na mbaazi, kitu cha kwetu, wakae mkekani wazunguke, na mwalimu akae nao, aule muhogo huo huo, awafundishe mbele yako ni wapi na mwenzio anasubiriwa vipi. Najua mtaniambia kipindupindu, na mko sawa, mie mwenyewe sitamkalisha mtoto kwenye sinia na mikono haijanawiwa kwa sabuni. Ndo nawaambia maji. Skuli nyingi za huku maji yanakuja siku moja yanapotea tatu, tunanunua jerikeni kwa mkokoteni. Tanki la kuvunia maji ya mvua, mabati tayari tunayo juu, mfereji mmoja na sabuni, vinatosha kuanza.

La pili ni kina mama wa langoni. Tafadhali msije mkawafukuza. Nimeshaona mtu akiambiwa mazingira anafikiria kwanza kumuondoa mama mwenye ndoo. Pale kwetu yupo mama anauza ubuyu na achari na kripsi za muhogo anazozikaanga mwenyewe, anasomesha watoto wake kwa hizo, na muhogo wake ni bora mara kumi kuliko za kiwandani, ubaya ni kile kifuko cha nailoni tu. Nilikaa naye tukazungumza, akaniambia zamani mamake alikuwa anauza kwa karatasi iliyopindwa kama pembe. Akarudia pembe. Wiki moja amefanya hivyo, kisha karatasi safi ikamshinda bei, akarudi kwenye nailoni na akaja kunitaka radhi kana kwamba amenikosea mie. Mtu kama huyo anahitaji karatasi ya bei nafuu na bakuli lenye mfuniko, askari wa nini. Watoto waje na vikombe vyao awapimie.

Taka zetu zikishatengwa zipokelewe zikiwa zimetengwa, hata kama ni mara moja kwa wiki, hata kama ni tuktuk badala ya lori. Hili sina maneno mengi, nimeshalisema.

Na la mwisho mtupatie gari, mara moja kwa muhula, watoto waende kuona. Wapelekwe Haller Park pale Bamburi, mahali palipochimbwa mawe ya saruji pakabaki shimo jeupe lisiloota kitu, mpaka 1971 René Haller akaanza kupanda mivinje, akaleta majongoo wale majani yale makavu, kinyesi chao kikawa udongo, leo ni msitu. Saruji ile ndo nyumba zetu, mtoto aone shimo la nyumba yake, aone na jinsi shimo linavyotibiwa, tena na mdudu anayemuogopa. Na pale pale ndo alipoletwa yule mtoto wa kiboko aliyepotezana na wenziwe wakati wa tsunami ya Disemba 2004, akaenda akajilaza kwa kobe mzee wa miaka zaidi ya mia, wakawa hawaachani. Wapelekwe Kaya Kinondo, mzee wa kaya awaambie kwa nini hata kijiti kikavu hakitolewi msituni, Wadigo wameulinda msitu ule karne kwa karne kwa adabu tu. Wapitishwe Kibarani, waambiwe hapa palikuwa jalala mlangoni mwa kisiwa, mtu akipita na matatu anaziba pua, na sasa kuna miti. Wakipita waone kwamba watu wazima wakiamua wanaweza.

Semina tumekaa nyingi, vitabu tunavyo, na walimu wanajua wanachokifanya kuliko wanavyodhaniwa, kwa hivyo pesa za semina moja zinunueni vikombe.

Nina haraka na jambo hili na siwafichi. 2027 kuna uchaguzi. Watoto wanasikia, mmoja ameshaniletea darasani neno kuhusu kabila la mwenzake ambalo hawezi kuwa amelitunga yeye, ana miaka minne. Nikamuuliza umelisikia wapi akasema kwenye runinga na baba. Nilimkalisha jirani na yule aliyemtukana, nikawapa chungwa moja, nikamwambia mmoja amenye na mwengine achague kipande kwanza. Wamemaliza chungwa wanacheka, maganda wameyapeleka wenyewe kwenye mchicha. Lakini chungwa nilinunua mie, na nina watoto arubaini na moja.

Skuli zikifunguliwa muhula ujao tutaanza sinia letu Alhamisi, ya kwanza, kwa kile wazazi watakachochanga, mama wa ubuyu ameshaahidi muhogo. Nyie watatu mnakaribishwa, mje bila magari mengi na bila wapiga picha, mkae chini na watoto. Mkija mje na ndoo yenye mfereji na sabuni za kipande, na vikombe vya bati mnavyoweza, tumepungukiwa ishirini na sita. Mkeka tunao.

Ni mie, mwalimu wa watoto wadogo, Kisauni.